Doti Iliyochuja Mtindi

SALIM: Assalaam aleikum, msikilizaji wetu. Mwenzangu ameingia hapa akicheka tangu mlangoni, na kwa kuwa ninakijua anachokicheka, naona ni afadhali nikieleze mwenyewe kabla yeye hajakieleza kwa namna yake.

RUKIA: Waaleikum salaam. Mimi sikucheka, shemeji. Niliuliza tu kama kanga imekauka.

SALIM: Imekauka. Kisa chenyewe ni hiki. Alhamisi iliyopita mama mkwe wangu, ambaye ni shangazi yake Bi Rukia, aliwasili Mombasa kutoka Unguja, na ikaamuliwa kwamba siku ya pili yake, baada ya sala ya Ijumaa, kutakuwa na biriani ya mbuzi. Mimi, kwa kutaka kuonekana mkwe mwenye manufaa, nilijitolea kutengeneza sosi ya tango na mtindi ya kuliwa pamoja na biriani hiyo. Nilinunua lita mbili za mtindi, nikauona mwepesi mno, nikakumbuka kwamba Wagiriki huuchuja mtindi wao ndani ya kitambaa mpaka ukawa mzito ndipo watengeneze ile sosi yao waiitayo tzatziki, na kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, nilipapasa gizani nikapata kitambaa safi, nikamimina, nikafunga fundo na kukining'iniza kwenye nondo za dirisha la jikoni, na chini yake nikakinga sufuria.

RUKIA: Kitambaa hicho kilikuwa kitu gani?

SALIM: Kilikuwa kipande kimoja cha doti ambayo shangazi yako alikuwa amemletea binti yake zawadi jioni ile ile.

RUKIA: Doti mpya, ambayo haijawahi kuguswa na maji. Ilikuwa na rangi gani?

SALIM: Nyekundu.

RUKIA: Na jina lake?

SALIM: Jina la kanga halina uhusiano wowote na upishi.

RUKIA: Lina uhusiano mkubwa. Iliandikwa "Subira yavuta heri". Shangazi alinipigia simu baada ya sala ya alfajiri, na badala ya salamu akaniambia, "Rukia, subira ya mkwe wangu imevuta maji."

SALIM: Naomba izingatiwe kwamba mtindi ulichujika vizuri sana.

RUKIA: Na kanga nayo ilichuja vizuri sana! Hiyo ndiyo kanga ya kwanza ninayoijua iliyochuja mtindi huku na yenyewe ikichuja. Umeingiza mtindi mweupe, umetoa mtindi wenye michirizi ya waridi, na wageni wakadhani umetia viazisukari.

SALIM: Tuifanye aibu hii kuwa na faida, kwa maana nimekuja na karatasi yenye mafunzo matano, na la kwanza ni hilo la kuchuja. Kosa langu halikuwa kuchuja, bali kitambaa. Kanga mpya huwa bado ina dawa ya kiwandani na rangi ambayo haijatulia, na mtindi una uchachu. Kitambaa kinachofaa ni melimeli au bafta nyeupe iliyokwisha kufuliwa mara nyingi, iliyosuuzwa mpaka haina harufu ya sabuni, kisha ikalowekwa maji na kukamuliwa kabla ya kumiminiwa mtindi, kwa sababu kitambaa kikavu hunyonya sehemu ya mtindi na kushikamana nao.

RUKIA: Kwa nini hukutumia kifumbu? Nyumba yenu ina vifumbu viwili, nami nimeviona kwa macho yangu.

SALIM: Kifumbu kimesukwa kwa ajili ya kukamulia tui. Chicha ya nazi ni punje, nazo huzuilika, lakini mtindi ni laini, nao utapenya pamoja na maji yake.

RUKIA: Ungetandika kitambaa ndani ya kifumbu. Kifumbu kingebeba uzito na kitambaa kingechuja, wala usingehitaji fundo wala nondo za dirisha.

SALIM: Hilo nalikubali, lakini lingehitaji kitambaa vilevile, na gizani ningechukua kile kile.

RUKIA: Basi tatizo si kifumbu wala mtindi, tatizo ni tochi. Ehe, uliuning'iniza kwa muda gani?

SALIM: Saa kumi. Nilianza saa nne za usiku nikaufungua saa mbili asubuhi, na lita mbili zikawa lita moja na kidogo, zenye uzito wa kusimamisha kijiko.

RUKIA: Na ukali wa kufumbisha macho. Hapa sifanyi mzaha, kwa sababu jambo hili huwaponyoka wengi. Bakteria wanaogandisha mtindi hufanya kazi kwa bidii kubwa katika joto la nyuzi 42 au 43 hivi, na joto la jikoni Mombasa usiku halifiki huko, lakini pia haliwalazi. Ukiuacha mtindi dirishani saa kumi, unaendelea kuchachuka saa zote kumi. Wagiriki huuchuja mahali penye baridi. Ungeweka chujio juu ya bakuli ndani ya friji, ukatandika kitambaa, ukafunika, na baada ya saa nne tu ungepata uzito wa kutosha kwa sosi.

SALIM: Umeme ulikuwa umekatika, nimekwisha kusema.

RUKIA: Ndiyo maana nasema subira imevuta maji na uchachu.

SALIM: Na yale maji yaliyotoka, yenye rangi ya kijanikijani, hayamwagwi. Yana chumvichumvi na protini, na ukiyatumia kukandia unga wa mkate au kulowekea nyama ya kuku yanafaa sana.

RUKIA: Yako yalikuwa ya kijanikijani?

SALIM: Yalikuwa mekundu, na niliyamwaga. Tuendelee na funzo la pili, nalo ni tango.

RUKIA: Kabla hatujalifikia tango, msikilizaji mwenye kununua yogati ya dukani asome maandishi ya kopo, kwa maana nyingi zina sukari na ladha ya vanila au ya stroberi, na sosi ya tango yenye vanila ni adhabu. Na anayetaka kugandisha mwenyewe achemshe maziwa, ayaache yapoe mpaka kidole kivumilie ndani yake kwa kuhesabu hadi kumi, atie vijiko viwili vya mtindi wa jana kwa kila lita, afunike, alifunge sufuria kwa blanketi na asilitikise kwa saa sita au nane.

SALIM: Blanketi, si kanga.

RUKIA: Kanga kuukuu ingefaa. Kanga mpya ndiyo inayoleta simu za alfajiri.

SALIM: Tango, basi. Kuna mazoea yetu sote ya kukata ncha ya tango na kuisugua palepale mpaka litoe povu, ili uchungu utoke. Uchungu huo ni wa kemikali iitwayo kukurbitasini, ambayo hukaa zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda, kwa hiyo kinachosaidia hasa ni kule kukata ncha na kumenya. Ukikata kidogo ukaonja, utajua ulipofika. Kisha mbegu, kama tango ni kubwa na limekomaa, zikwanguliwe kwa kijiko, kwa sababu sehemu ya mbegu ndiyo yenye majimaji zaidi.

RUKIA: Hapo tuko pamoja. Sasa waeleze ulichofanya baada ya hapo.

SALIM: Niliyakwaruza matango matatu nikayatia moja kwa moja.

RUKIA: Hukuyatia chumvi na kuyakamua.

SALIM: Sikuyatia, na sitayatia.

RUKIA: Shemeji, tango ni maji kwa zaidi ya sehemu 95 katika kila mia. Ukilikwaruza umelivunja, na chumvi ya kwenye sosi itayavuta maji yaliyobaki. Wewe umekesha usiku kucha ukiutoa mtindi maji yake, halafu asubuhi ukayarudisha kwa njia ya tango! Kama ungeyanyunyizia matango yako kijiko kidogo cha chumvi, ukayaacha dakika ishirini au thelathini, kisha ukayakamua kwa viganja mpaka yasidondoke, sosi yako ingesimama mpaka jioni. Shangazi amesema kwamba mpaka biriani ilipopakuliwa, bakuli lilikuwa na kidimbwi.

SALIM: Kidimbwi kilikuwepo, sikatai. Lakini nakataa dawa unayoiagiza. Tango lililokamuliwa si tango tena, ni nyuzinyuzi za kijani zenye chumvi. Ile harufu yake ya ubaridi, ambayo ndiyo sababu ya kulitia, imo ndani ya maji hayo unayoyamwaga. Mimi nachuja mtindi kusudi uwe mzito kupita kiasi, ili maji ya tango yakitoka yaukute una nafasi ya kuyapokea, na sosi nzima ichukue ladha ya tango badala ya ladha ya maji ya mtindi.

RUKIA: Wagiriki uliowaiga usiku hufanya yote mawili, huchuja mtindi na hukamua tango. Umeiga nusu ya kwanza ukaikimbia nusu ya pili.

SALIM: Na Waturuki wenye cacık, ambayo jina la tzatziki limetokana nayo, mara nyingi huongeza maji kwa makusudi na kuila kwa kijiko kama supu, na Wabulgaria wana tarator ambayo ni supu ya baridi kabisa. Raita, yaani sosi ya mtindi ya asili ya Kihindi, iliyolelewa hapa Mji wa Kale pamoja na biriani haikamuliwi. Bibi yangu alilikata tango vipande vidogo vidogo kama punje za mahindi, bila kulikwaruza, na chumvi aliitia wakati sinia imekwisha kuwekwa mkekani.

RUKIA: Hapo umejijibu mwenyewe. Bibi yako alikata vipande, nawe umekwaruza. Kipande kina uso mdogo wa kutolea maji, na chumvi ya dakika ya mwisho haipati muda wa kuyavuta. Yeye aliyazuia maji kwa kisu, mimi nayatoa kwa mkono, na wewe hukufanya lolote kati ya hayo.

SALIM: Hilo linathibitisha kwamba kukamua si lazima.

RUKIA: Linathibitisha kwamba maji lazima yatawaliwe.

SALIM: Nimeyatawala kwa kuchuja mtindi.

RUKIA: Umeyatawala mpaka yakajaa sahani ya shangazi yangu.

SALIM: Kwa sababu nilikwaruza mapema mno, nikaacha sosi imekaa saa mbili kabla ya wageni kurudi kutoka msikitini. Ningechanganya dakika kumi kabla ya kula, tusingekuwa na mazungumzo haya.

RUKIA: Na mwenye shughuli ya watu arobaini, mwenye sufuria tatu motoni, apate wapi hizo dakika kumi za mwisho? Njia yangu inamwezesha kutengeneza asubuhi akaisahau. Na maji ya tango simwagi, nayatilia ndimu na kuyanywa nikiwa bado napika.

SALIM: Basi unaijua thamani yake, ndiyo maana unakunywa peke yako na kuwapa wageni makapi.

RUKIA: Sitalijibu hilo.

SALIM: Nami sitakamua tango.

RUKIA: Haya. Na ile kanga, shemeji, uliikamua?

SALIM: Niliiloweka kwenye maji baridi yenye siki, kwa sababu mke wangu alisema siki hushika rangi.

RUKIA: Rangi gani iliyobaki ya kushikwa? Shangazi anasema mahali fundo lilipokuwa pamebaki duara jeupe katikati ya mji wa kanga, yaani ile sehemu yake ya kati, na maandishi yamefifia upande mmoja, sasa inasomeka "Subira yavuta" peke yake, na kila anayeiona anauliza inavuta nini.

SALIM: Shemeji zangu wawili wameshauliza.

RUKIA: Na harufu?

SALIM: Harufu ya mtindi haijatoka. Mtindi una mafuta, na mafuta hayaondoki kwa maji baridi, kwa hiyo hata mwenye bafta nyeupe aisuuze kwanza kwa maji baridi kuondoa maziwa, kisha aifue kwa maji moto na sabuni na kuianika juani, la sivyo mtindi wa mara ya pili utanuka mtindi wa mara ya kwanza. Hilo lilikuwa funzo la tano, nimelisogeza mbele.

RUKIA: La tatu na la nne yako wapi? Naonyeshwa mkono kwamba tumebakiwa na dakika mbili.

SALIM: La tatu ni kitunguu saumu, nalo lilikuwa na maelezo marefu kuhusu kwa nini ukali wake huongezeka kinapopondwa. La nne ni viungo, jira ya kukaangwa kavu, nanaa mbichi au kavu, na Wairani wanaotia jozi na zabibu kavu ndani ya mast-o-khiar, sosi yao ya mtindi na tango.

RUKIA: Jira sisi Unguja tunaiita uzile, nayo nina maneno nayo, hasa kwa watu wanaoitia bila kuikaanga.

SALIM: Hayatatosha katika dakika moja. Msikilizaji aponde nusu ya punje ya kitunguu saumu kwa kila nusu lita, asizidishe, na mengine tuyaache.

RUKIA: Tuyaache. Lakini kabla hawajatuzimia vipaza sauti, niambie, kipande cha pili cha ile doti kiko wapi?

SALIM: Mama mkwe amerudi nacho Unguja.