Chura Bubu wa Ukaguru

NEEMA: Mbukwenyi wasikilizaji! Neema hapa, Dodoma, na kaka Mazengo.

MAZENGO: Dada, umesema leo vyura. Huku kwetu? Mvua za Desemba zikianguka wanapiga kelele mpaka hulali, Mei ikifika huwasikii tena.

NEEMA: Hao wa madimbwi waache. Ukipanda basi la Morogoro, ukifika Gairo, tazama kulia. Ile ndiyo milima ya Ukaguru.

MAZENGO: Ile yenye wingu kichwani wakati sisi chini tunaungua jua.

NEEMA: Basi wingu hilo linatoka Bahari ya Hindi. Linapanda milima ya Tao la Mashariki, Ukaguru ikiwa mojawapo, linamwaga maji yake kule, sisi wa nyuma ya mlima tunaachiwa upepo na vumbi. Mwaka 2019 watafiti waliingia msitu wa Mamiwa-Kisara kumtafuta chura adimu sana, Churamiti maridadi. Wakakutana na mwingine kabisa ambaye sayansi haikuwa ikimjua. Mwaka 2023 akatangazwa rasmi: Hyperolius ukaguruensis. Na dume wake halii.

MAZENGO: Halii kivipi? Chura dume kazi yake si kulia usiku kucha amwite jike?

NEEMA: Huyu kimya. Ila kooni ana vijiiba vidogo vidogo. Watafiti wanahisi jike anamtambua wa kwake kwa kumgusa, kama wewe umeme ukikatika unavyopapasa funguo mfukoni mpaka uupate wa mlangoni. Bado ni dhana, lakini mimi naipenda.

MAZENGO: Ngoja, hapo kuna kazi. Wanaohesabu vyura si hutega sikio?

NEEMA: Ndiyo maana nimemleta huyu leo! Chura anayelia akitoweka, kimya chake unakisikia. Huyu hata akiwa mzima hakuna kinachosikika. Lazima umulike tochi jani kwa jani, usiku, kwenye ukungu. Na ngozi yake inataka unyevu: msitu ukifyekwa pembeni, jua na upepo vinaingia mpaka ndani. Hawezi kuhamia mlima wa jirani, katikati ni nyika kavu.

MAZENGO: Mimi nitamtetea mkulima kidogo. Anayetafuta shamba la maharage kule juu, ukimwambia "acha, kuna chura", atakucheka.

NEEMA: Na ana haki ya kucheka. Simwambii chura, namwambia maji. Vijito vya Ukaguru vinaingia Mto Wami, na Chalinze wanakunywa Wami. Mvua ile isipopata msitu wa kuishika inateremka na udongo wote, shamba lake likiwa la kwanza.

MAZENGO: Hapo umenishinda. Haya, twende lini?

NEEMA: Kwanza kibali, ule ni msitu wa hifadhi. Halafu sweta, maana Ukaguru usiku si Area D ya hapa Dodoma.

MAZENGO: Sweta ninalo. Tochi utanunua wewe.