PSV Eindhoven: Timu ya Kiwanda

Habari zenu ndugu zangu, mlioko Dar, Mwanza, Mombasa na kwingineko. Leo nipo Eindhoven, kusini mwa Uholanzi, na huu uwanja mnaouona nyuma yangu ni wa klabu ya mpira ya PSV. Ajax, klabu ya Amsterdam, tumeizungumza sana. Hii nayo ina historia inayotugusa kabisa.

Ni wangapi kwenu kulikuwa na redio ya Philips sebuleni? Watu wa Arusha mna hadi eneo linaloitwa Philips! Basi ile P ya PSV ndiyo Philips yenyewe. Kampuni ilianza hapa mwaka 1891 ikitengeneza globu za taa. Mji ukajaa wafanyakazi, wakajengewa kota, na mwaka 1913 ikazaliwa klabu yao ya michezo. Enzi hizo ili uichezee, sharti uwe umeajiriwa Philips. Watu wa nje walikuja kuruhusiwa mwaka 1928, na mwaka 1929 timu ikachukua ubingwa wa Uholanzi kwa mara ya kwanza. Zile kota bado zipo, jirani kabisa na uwanja, na watu wanaishi.

Sasa mjue habari za Frits Philips. Huyu alikuwa mtoto wa tajiri, na mwenyewe akaja kuwa rais wa kampuni. Jukwaa kuu lilikuwa lake akilitaka. Lakini yeye alikaa na mashabiki wa kawaida, sekta D, safu ya 22, kiti namba 43. Wafanyakazi walimwita Bwana Frits, basi. Alifariki mwaka 2005, ana miaka 100. Mimi mzee huyu namheshimu sana, kwa sababu bosi anayekaa pembeni ya fundi wake dakika 90, wanalia pamoja na kushangilia pamoja, ndiye anayeifanya timu iwe ya watu.

Halafu mwaka 1988, chini ya kocha Guus Hiddink. Kombe la Klabu Bingwa Ulaya! Kuanzia robo fainali hawakushinda hata mechi moja: sare mbili na Bordeaux, sare mbili na Real Madrid, goli la ugenini likawabeba, maana enzi hizo magoli yakilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye aliyepita. Fainali Stuttgart dhidi ya Benfica, suluhu, dakika 120. Wakaenda kwenye matuta. PSV wakafunga zote sita, kisha kipa Hans van Breukelen akaruka kuliani kwake, akapangua mkwaju wa Veloso wa Benfica. Msimu ule wakabeba na ligi na kombe la nyumbani.

Baadaye Philips wakahamishia makao makuu Amsterdam. Mwaka 2011 klabu ilibanwa na fedha hadi ikauza ardhi iliyo chini ya uwanja kwa manispaa, kwa zaidi ya euro milioni 48. Mwaka 2016 jina la Philips likatoka kifuani mwa jezi, lililokaa tangu 1982. Na mwaka huo huo PSV wakawa mabingwa. Wakachukua tena 2018, 2024, 2025.

Ndiyo maana nikiwa hapa naiwaza Mtibwa Sugar, mabingwa wetu wa Tanzania wa 1999 na 2000, timu ya kiwanda cha sukari. Wewe uliyekulia kwenye kota za kiwanda chochote chenye timu, niandikie hapo chini: siku ya mechi mabosi walikaa wapi?