Kuijaribu pikipiki ya mtumba barabarani kabla hujalipa

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hii hapa nyuma yangu ni pikipiki ya mtumba, mwenyewe anaiuza, na amekubali tuikague mbele ya kamera. Kaka, asante sana.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: niiendeshe kabla ya kununua, au inatosha kuiwasha na kusikiliza mlio? Iendeshe. Pikipiki ikiwa kwenye stendi, gia hazina mzigo, klachi haina mzigo, breki hazina kazi yoyote. Inaweza kunguruma vizuri kabisa pale ilipo, halafu ikakwama kwenye mwinuko mdogo tu. Ila kabla hujapanda kuna kazi ya kufanya, na wengi wanairuka.

Kwanza, usiiwashe. Najua mkono unawasha, lakini usiiwashe. Na muuzaji naye asiiwashe: mpigie simu mapema, mwambie unataka kuikuta imepoa. Ukifika, sogeza kiganja karibu na injini. Karibu, sijasema uguse, na eksozi usiiguse kabisa mpaka ujue haina moto. Ukihisi joto, ujue imetoka kuwashwa. Si lazima muuzaji awe mjanja, huenda ametoka nayo kazini. Lakini injini yenye joto huwaka kirahisi hata kama betri imechoka au kabureta ni chafu. Tena kuna ugonjwa mmoja unaoonekana vizuri asubuhi: sili za vali, yaani vile vimpira vinavyozuia oili isipite, zikiisha, oili huchuruzika polepole ndani ya silinda pikipiki ikiwa imelala, na ukiwasha tu unatoka moshi wa bluu kisha unapotea. Ukiikuta imeshapashwa moto, moshi huo huuoni. Kwa hiyo subirini ipoe. Kazi ya kufanya wakati wa kusubiri ipo nyingi.

Namba ya chesesi iko kwenye fremu, mara nyingi pale shingoni chini ya usukani. Namba ya injini iko kwenye injini yenyewe. Zisome tarakimu kwa tarakimu, linganisha na kadi. Zikiwa zimekwanguliwa au hazifanani, aga vizuri uondoke, hata kama pikipiki inang'aa.

Tairi: angalia kashata, yaani ile michoro inayoshika barabara, angalia nyufa pembeni. Halafu tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. Hapa imeandikwa 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira umeshakuwa mgumu kwa uzee, na mpira mgumu hauishiki barabara ikiwa imelowa.

Mnyororo, uvute kwa nyuma pale unapozunguka sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno. Mnyororo ukiacha nafasi unayoona jino zima, umeisha. Meno yakiwa yamepinda kama kucha, sproketi nayo imeisha, na hivyo hununuliwa kwa pamoja.

Ngoja. Ngoja kidogo, sogeza kamera huku mbele. Chini zaidi, kwenye mguu wa shokapu. Mnaona huu unyevu unaong'aa? Haya, hili sikulipanga, lakini ni somo zuri. Nafuta kwa kitambaa, pakavu kabisa. Sasa nashika breki ya mbele, nasukuma usukani kwenda chini... tena... tena. Rudisha kamera. Mnaona ule mstari mwembamba wa oili, umezunguka chuma kama pete? Sili ya shokapu imekufa. Kaka, ulikuwa unajua? Hajui, na namwamini, maana vumbi lilikuwa limeifunika. Sili yenyewe si kitu kikubwa, hubadilishwa. Hatari ni oili hiyo ikishuka ikafika kwenye breki, kwa sababu breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa unaposimama. Hili tutalitaja kwenye bei.

Sasa shingo. Hapa nawaomba mtulie. Weka stendi kubwa, mwenzako akandamize nyuma mpaka gurudumu la mbele linyanyuke. Shika usukani kwa vidole viwili tu, uzungushe kutoka kushoto hadi kulia. Polepole. Ukizungusha haraka hutahisi kitu. Kama beringi za shingo zimechakaa, katikati kabisa, pale usukani unaponyooka, utahisi kijishimo: unanasa kidogo halafu unaachia. Polepole, narudia, tena rudia hata mara tatu. Kijishimo hicho kinafanya pikipiki iyumbeyumbe barabarani na wewe ukadhani ni upepo. Hii yetu iko laini, nimefurahi.

Imepoa? Imepoa. Sasa washa, na mwenzako asimame nyuma aangalie eksozi. Mvuke mweupe mwanzoni unaoisha haraka ni unyevu tu. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Moshi wa bluu usioisha ni oili inayoungua, na hapo mazungumzo yanabadilika kabisa. Taa, honi, indiketa, pitia haraka. Taa ya breki ijaribu kwa mkono na kwa mguu, maana ni swichi mbili tofauti.

Tunakwenda barabarani. Uwe na leseni ya pikipiki, pikipiki iwe na bima hai, vaa kofia ngumu na uifunge kamba. Mkubaliane kabla: ikianguka, nani analipa? Semeni wazi, ikibidi andikeni. Na mwachie muuzaji dhamana, kitambulisho chako, au ulichokuja nacho. Mtu anakukabidhi mali yake na hakujui, hofu yake ni ya haki.

Ukishapanda, jambo la kwanza ni breki. Tembea hatua chache tu, shika ya mbele, shika ya nyuma. Usitoke getini kabla hujajua kama inasimama. Breki kwanza, mwendo baadaye.

Halafu tafuta barabara tupu iliyonyooka. Gia ya pili: vuta mafuta kwa nguvu, achia ghafla, vuta tena. Rudia. Pikipiki nyingi zilizochoka huruka gia hapo hapo, unasikia injini inapiga kelele huku nguvu imekatika. Ikiruka gia usijidanganye kwamba utaizoea. Kwa pikipiki nyingi kurekebisha hilo ni kuipasua injini yote, na kwa maoni yangu ni sababu tosha ya kuiacha.

Klachi: ingia gia ya juu ukiwa mwendo wa kawaida, kisha fungua mafuta yote. Mlio na mwendo vinapaswa kupanda pamoja. Mlio ukipanda na pikipiki ikabaki pale pale, klachi inateleza. Hiyo inabadilishika, mimi ningenunua na kupunguza bei.

Kisha legeza mikono, usiachie usukani. Legeza tu, vidole vibaki, uone kama inavuta upande. Mwenzako akiwa nyuma kwa mbali aangalie kama gurudumu la nyuma linafuata njia ya la mbele. Yakipita njia mbili, huenda gurudumu la nyuma limefungwa upande, na hilo hurekebishwa. Huenda pia fremu imepinda, na hapo ndipo umuulize mwenyewe kuhusu ajali. Mwisho, ukiwa mwendo wa wastani, shika breki ya mbele taratibu. Kishikio kikidunda mkononi, diski imepinda.

Umerudi? Usikabidhi ufunguo bado. Iache ingurume dakika chache, zima, chungulia chini kama kuna tone la oili, halafu washa tena ikiwa ya moto. Ziko zinazowaka vizuri asubuhi na kugoma mchana.

Na muuzaji akikataa usiiendeshe? Usigombane naye. Mwombe aiendeshe yeye, wewe ukae nyuma: utasikia gia, utasikia klachi, utaona breki. Au njoo na fundi ambaye yeye anamwamini. Au mwekee bei yote mkononi mbele ya shahidi, mwandikishane kwamba ukirudi salama na hujaridhika, anakurudishia. Nimeona wauzaji wengi wakikubali hiyo ya mwisho. Akikataa zote tatu, kuna pikipiki nyingine zinauzwa. Kaka, tukae sasa tuzungumze habari ya hiyo sili.