Kumchagua Dula: Atakayekaa Nawe Mpaka Mtoto Aje

Karibuni. Nyinyi wenye mimba kubwa, nyoosheni miguu, na anayeona kiti kinamchosha asimame tu, mimi nitaendelea.

Mimi ni mkunga. Leo lakini sizungumzii kazi yangu, nazungumzia ya mwanamke mwingine anayeingia leba bila glavu wala mkasi: dula, yaani msaidizi anayekaa na mama wakati wote wa uchungu, akimtia moyo na kumtuliza. Neno lina asili ya Kigiriki, maana yake mtumishi wa kike. Mwanaanthropolojia Dana Raphael alilitumia miaka ya 1970 kumwita mwanamke anayemsaidia mama aliyejifungua na kunyonyesha, na baadaye likaingia hadi chumba cha kuzalia. Kazi yenyewe ni ya kale kuliko jina. Mashangazi na mabibi waliifanya bila kuitwa chochote.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 2017 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, walichapisha uchambuzi wenye takwimu za wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17. Waliokuwa na mtu wa kuwasaidia mfululizo walielekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo, na wachache zaidi walipasuliwa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mama awe na mwandani aliyemchagua mwenyewe, tangu uchungu hadi mtoto azaliwe. Shikeni maneno mawili hapo: mfululizo, na aliyemchagua mwenyewe. Mimi mkunga naweza kuwa na akina mama watatu kwa wakati mmoja, na zamu yangu ikiisha naondoka. Dula haondoki.

Sasa, unamchaguaje? Wengi huanza na cheti. Cheti ni kizuri, muulize alisomea wapi, lakini katika nchi nyingi kazi hii haina leseni ya serikali, kwa hiyo karatasi peke yake haikuhakikishii mengi. Mimi ningeanza na swali hili: "Nikibadili mawazo katikati ya uchungu, nikaomba sindano ya kutuliza maumivu, utafanyaje?" Kisha nyamaza umsikilize.

Nieleze kwa nini. Siku moja nilimuuliza mama kama anataka dawa ya maumivu. Kabla hajafungua kinywa, dula wake akajibu: "Hataki, tulishakubaliana." Nilimgeukia mama. Alikuwa ameuma kona ya shuka, machozi yanamtiririka, na alitikisa kichwa kuniambia ndiyo, anataka. Yule dula hakuwa mtu mbaya. Alikuja na uzazi wake kichwani, akasahau uzazi ulikuwa wa nani.

Namkumbuka pia mwingine, mwanamke mpole wa maneno machache. Daktari alipoeleza kwamba mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka na huenda tukahitaji upasuaji, dula huyu aliinama sikioni kwa mama akasema, "Umemwelewa daktari? Una la kumuuliza?" Mama akauliza maswali yake mawili, akajibiwa, akaridhia. Alikwenda chumba cha upasuaji akiwa anajua anakwenda kufanya nini. Kwa hiyo muulize dula wako kuhusu uzazi alioshuhudia ukaishia kwenye kisu. Akiusimulia kama kushindwa kwa yule mama, mshukuru kwa muda wake, utafute mwingine.

Mwombe pia akuonyeshe mikono yake. Uchungu ukikamata kiuno, dula hukandamiza kwa kiganja ule mfupa bapa ulio chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio, na wengi hupata nafuu kubwa. Mwambie akufanyie mkiwa mmekaa tu, huna maumivu yoyote. Je, amekuomba ruhusa kabla ya kukugusa? Ameuliza "Ni hapa? Niongeze nguvu?" au amekandamiza tu anavyojua yeye? Dakika hiyo moja itakueleza zaidi ya mazungumzo ya saa nzima.

Kuna mpaka ambao sina masihara nao. Dula hapimi njia imefunguka sentimita ngapi, hachomi sindano, hazalishi. Anayekwambia hospitali haina haja, atakuzalisha mwenyewe, mkimbie. Anayekuja na kichupa cha dawa ya kuharakisha uchungu, mkimbie mara mbili: uchungu uliochochewa bila mtu wa kupima unaweza kumnyima mtoto hewa, hata kupasua mfuko wa uzazi.

Baba wa mtoto asihofu kwamba nafasi yake imechukuliwa. Dula mzuri humwonyesha pa kushika, humtuma akale, humwachia mkono wa mkewe. Ila ulizeni mapema mnakokwenda kujifungulia wanaruhusu watu wangapi, msije mkabishana mlangoni.

Mengine yaandikeni: malipo na yanalipwa lini, kuanzia wiki ya ngapi simu yake inapokewa usiku, atakutembelea mara ngapi baada ya uzazi. Na umuulize nani atakuja iwapo yeye anaumwa, au yuko kwa mama mwingine usiku uleule. Akishakutajia huyo mtu, omba kuonana naye mapema, umpime kwa swali lile lile la sindano, kwa sababu huenda ndiye utakayemkuta pembeni ya kitanda.