Gari la Tani 7, Mzigo wa Kilo 900

KIBWANA: Haya, karibuni tena, tuko hapa hapa Tanga na feni ile ile mnayoisikia. Mwanaidi leo kaingia na uso wa mtu aliyepunjwa sokoni.

MWANAIDI: Sijapunjwa. Nimepima mzigo tu.

KIBWANA: Waambie basi, maana mimi umeshanipigia simu mara tatu.

MWANAIDI: Jumanne. Kamati moja ya mtaa, Ngamiani, wanajipanga kabla ya masika: likitokea la kutokea mahali, msaada utoke Tanga siku ile ile. Mwenye Fuso kajitolea gari bure. Tukafanya zoezi la kupakia. Dakika 40, gari limejaa, turubai haifiki ubavu wa pili, watu wanapiga picha. Nikasema tulipitishe mzani kwanza. Gari la tani 7, mzigo kilo 900.

KIBWANA: (anacheka) Na kilo 6,100 zilizobaki?

MWANAIDI: Hewa.

KIBWANA: Hewa ya Raskazone! Tunawapelekea waathirika upepo wa bahari.

MWANAIDI: Cheka. Mambo ya leo ni manne: kupata gari, kupakia, hati za njiani, na kupokea kule mwisho. Tuanze na gari.

KIBWANA: Tuanze na hewa. Kulikuwa na nini humo?

MWANAIDI: Magodoro, nguo kwenye mifuko ya sandarusi, madumu matupu, unga kidogo. Twende taratibu. Bodi la Fuso lile ndani ni mita 6.2 kwa 2.3. Ukipanda mita 2.2 juu, una mita za ujazo 31. Godoro la futi 5 kwa 6, inchi 6, linakula karibu 0.42. Ukigawanya unapata 74, lakini hiyo ni hesabu ya karatasi. Kwenye upana wa mita 2.3 linalala godoro moja tu, pembeni unabaki na mwanya wa kusimamisha machache. Sema 65 mpaka 70. Godoro la sponji la namna hiyo lina kilo 8 au 9.

KIBWANA: Kwa hiyo gari zima kilo 600 na kitu. Huo ni uzito wa abiria wa Noah tu.

MWANAIDI: Ndiyo maana nasema kwenye mzigo wa msaada kuna vipimo viwili, uzito na ujazo, na gari linaishiwa kimoja kabla ya kingine. Unga unamaliza uzito, bodi bado liko wazi. Godoro linamaliza bodi, springi za gari hazijajua kama kuna kitu juu.

KIBWANA: Madumu je?

MWANAIDI: Madumu matupu ni hewa iliyofungwa kifuniko. Bora ndoo. Ndoo za lita 20 zinapachikana: kumi zikiingiana zinakaa nafasi ya mbili hivi. Mifuniko unaifunga mafungu peke yake, ya kumi kumi, na unaandika idadi. Ndoo bila kifuniko kambini haihifadhi maji ya kunywa, na mifuniko ndiyo inayopotea kwanza.

KIBWANA: Na mtu atakwambia, basi tusibebe hewa, tujaze maji ya chupa, yana uzito.

MWANAIDI: Aa, hapo ndipo unapotoka kwenye hewa unaangukia kisimani! Tani 7 za maji ni lita 7,000. Kiwango cha kawaida cha dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika, kuoga. Gari zima linawatosha watu 460 na kitu kwa siku moja, kesho halipo. Sasa chukua vidonge vya klorini vya miligramu 67. Kimoja kinatibu lita 20 za maji yasiyo na tope. Lita 7,000 ni vidonge 350.

KIBWANA: Vinaingia mfuko wa shati wa dereva.

MWANAIDI: Vinaingia, na nafasi ya sigara inabaki. Maji yenye tope uyachuje kwanza kwa kitambaa, uyaache yatulie, ndipo utie kidonge, usubiri dakika 30.

KIBWANA: Hapo sina ubishi. Ubishi wangu uko kwenye neno "bure". Gari la bure linakunywa dizeli ya nani?

MWANAIDI: Tulikubaliana hilo ni jambo la kwanza, limekuwa la tano. Haya, sema.

KIBWANA: Tuchukue Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023, tope lilipotoka Mlima Hanang likafukia nyumba na soko, watu zaidi ya 80 wakafa. Kutoka hapa unapita Segera, Korogwe, Mombo, Same, Himo, Moshi, Arusha, Makuyuni, Babati, ndipo Katesh. Karibu kilomita 700. Fuso lenye mzigo linakwenda kilomita 3.5 kwa lita, ukiwa na dereva mwenye adabu. Lita 200 kwenda. Kurudi tupu, lita 140. Jumla 340. Zidisha na bei kikomo ya mwezi huo ya EWURA, wale wadhibiti wa bei ya mafuta, inatoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ongeza posho ya dereva na utingo kwa siku nne, ongeza makuli wa kupakia na kushusha. Mwenye gari katoa chuma tu, hayo mengine lazima yawe na mwenyewe kabla gari halijawashwa. Likifika Same bila mafuta, bure imeisha.

MWANAIDI: Na kama gari linarudi?

KIBWANA: Hapo ndipo kwenye bure ya kweli. Mwenye Fuso aliyeleta vitunguu au maharage kutoka huko Babati akashusha soko la Mgandini, anarudi tupu au anangojea mzigo siku mbili. Zile lita 140 za kurudi angezichoma vyovyote. Wewe unamwongezea lita 60 za uzito na posho ya siku ya kusubiri kushusha. Kamati zinakwenda kuomba lori kwa tajiri, wakati lori liko sokoni limeegeshwa, utingo kalala chini yake.

MWANAIDI: Hilo lina sharti, mzigo uwe tayari. Yeye waja leo waondoka leo. Ukimwambia bado tunakusanya, keshapata saruji ya Arusha.

KIBWANA: Sawa. Sasa nirudi kwenye godoro.

MWANAIDI: Nilijua.

KIBWANA: Mimi gari la magodoro matupu silipakii. Mkononi mwangu halitoki Tanga. Nafasi ile ingebeba viroba 280 vya unga, kilo 25 kila kimoja. Familia ya watu watano, gramu 400 kwa mtu, inakula kilo 2 kwa siku. Kiroba siku 12. Familia 280, siku 12. Wewe unapeleka familia 70 pa kulala.

MWANAIDI: Viroba 280 kakupa nani?

KIBWANA: Kusanya pesa, nunua Babati. Kule ni mkoa wa mahindi, unatoa mahindi Manyara yaje kusagwa pwani yarudi Manyara? Tuma pesa, gari lisiende kabisa.

MWANAIDI: Kibwana, hesabu yako mwenyewe. Lita 340 ugawanye kwa magodoro 70. Ni lita 5 kasoro kwa godoro, kwenda na kurudi. Hebu nenda dukani na bei ya lita 5 za dizeli uombe godoro la tano kwa sita. Utapewa foronya.

KIBWANA: Nusu foronya.

MWANAIDI: Sasa ubishi wako uko wapi?

KIBWANA: Uko kwenye nafasi. Gari ni moja! Lori la kwanza kufika ndilo linaloamua watu wale nini usiku ule. Hujui kama kuna la pili.

MWANAIDI: Na watu waliotoa mali zao? Mama wa Makorora hana shilingi elfu 20 ya kuchangia, lakini ana godoro la mwanawe aliyeolewa. Ukimwambia lete pesa, umemtoa kwenye sadaka. Halafu pesa iliyokusanywa mtaani hakuna anayeiona, gari watu wanaliona likiondoka.

KIBWANA: Hayo ni mambo ya kupiga picha, siyo ya kusafirisha.

MWANAIDI: Ni mambo ya safari ya pili. Gari la kwanza lisipoonekana, la pili hupati hata Canter. Na kununua Babati ukae ukijua magari 20 yameshapita pale kununua. Duka la karibu na maafa bei inapanda, na wenyeji wasioathirika nao wananunua hapo hapo.

KIBWANA: Basi nunua Arusha, soko kubwa.

MWANAIDI: Pesa ya nani, tumerudi pale pale.

KIBWANA: Na mimi nipo pale pale. Magodoro matupu, hapana.

MWANAIDI: Na mimi silikatai godoro zima, kavu, mlangoni mwa mtu. Hapana.

(kimya kidogo)

KIBWANA: Unaweza kuyachanganya lakini.

MWANAIDI: Kuchanganya ndiyo kazi yenyewe, wala hatugombani hapo. Chini chaga za mbao, juu yake sandarusi, ndipo unga. Viroba 160 ni tani 4, vikitandazwa karibu sakafu nzima vinapanda kama nusu mita tu. Juu yake unaweka magodoro 40 na kitu. Gari limepata uzito na limepata hewa yake.

KIBWANA: Na ukiyaviringisha?

MWANAIDI: Ya sponji yanakubali, ya springi usiguse. Watu wawili: mmoja anakunja, mwingine goti juu anatoa hewa.

KIBWANA: Anatoa hewa ya Raskazone.

MWANAIDI: Hiyo hiyo. Kamba tatu, mbili karibu na ncha, moja katikati. Linabaki nusu ya ujazo. Liwe limevaa nailoni kabla ya kukunjwa, siyo baada. Sponji likinyeshewa Mombo, Katesh linafika na lita za maji tumboni, halikauki, linaoza na harufu inaingia kwenye unga.

KIBWANA: Na sabuni mbali na unga.

MWANAIDI: Sabuni nyuma kabisa mlangoni, unga mbele. Unga unanyonya harufu, watu wanapika ugali wenye povu. Mafuta ya kula wima, ndani ya trei au boksi, kamwe yasiwe juu ya unga. Dumu moja likipasuka umepoteza safu nzima.

KIBWANA: Niongeze la ekseli. Msirundike uzito nyuma kwa sababu ndiko mlango uliko na makuli wamechoka. Mizani haiangalii jumla peke yake, inapima kila ekseli. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, ekseli ya usukani mwisho tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne tani 10. Unaweza kuwa chini kwa jumla ukakamatwa Njiapanda ya Himo kwa ekseli ya nyuma, mkaanza kushusha viroba barabarani mkivisogeza mbele. Sadaka haina msamaha wa mizani.

MWANAIDI: Na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo.

KIBWANA: Msiniletee lumbesa. Gunia la kilo 100 lina uzuri gani? Rufiji, Aprili 2024, maji yalifunika vijiji na mashamba. Mahali kama pale lori linaishia barabarani, mzigo unashushwa kwenye boti, halafu kichwani kwa mtu. Kilo 25 mtu mmoja anaibeba akiwa majini mpaka magotini. Ya 50 inataka watu wawili, na mtumbwi unayumba. Mwezi uliofuata, kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi ikakatika Somanga. Hapo hata uwe na semi-trela la tani 30, unakunja mikono.

MWANAIDI: Nguo.

KIBWANA: Nguo usizitaje, fundi mitambo ananionyesha vidole vitano.

MWANAIDI: Vidole vitano ni dakika tano?

KIBWANA: Sasa ni vinne.

MWANAIDI: Haraka basi. Nguo zibanwe robota kama mitumba, robota la kilo 45 halina hewa. Zitengwe kwanza: watoto, kina mama, kina baba, na nje uandike kwa kalamu ya wino mzito. Viatu vifungwe jozi kwa kamba zake. Katesh kuna baridi ya mlima, blanketi kabla ya fulana. Na baada ya tope watu wanataka makoleo, mabuti na toroli, hakuna anayechangia toroli.

KIBWANA: Hati.

MWANAIDI: Kwanza unapiga simu unakokwenda. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa, wilaya mpaka kijiji. Upate jina la mpokeaji na ghala, siyo "peleka Katesh utaona watu". Kisha barua ya ofisi ya mkuu wa wilaya ya hapa. Kisha orodha ya mzigo, nakala nne: mtoaji, dereva, mpokeaji, na moja inarudi ikiwa na saini na idadi iliyopokelewa. Vitu vilivyonunuliwa viwe na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, ndani ya gari, la sivyo viroba 160 bila risiti ni biashara tu mbele ya ofisa wa kodi.

KIBWANA: Na bima?

MWANAIDI: Bima ya gari haigusi mzigo, hiyo ni nyingine, tuta...

(adhana inasikika)

KIBWANA: Magharibi hiyo. Kupokea hatujagusa kabisa.

MWANAIDI: Na kupata gari tumelipitia dirishani. Ngoja, simu. Ni wale wa kamati. Wameletewa magodoro matatu mengine, wanauliza kama gari lina nafasi bado.

KIBWANA: Waambie nafasi ya kilo ipo, tani 6.

MWANAIDI: Nawaambia walete.