Usiiangushe Giaboksi Bado

Mazungumzo na mafundi wanafunzi na wenye magari, Nakuru

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliofunga gereji siku ya Jumamosi, siku yenye pesa. Lile Corolla 110 mlilolikuta langoni halijaibwa. Nimemtuma kijana aende nalo hadi Njoro na kurudi, kwa sababu nataka oili ya giaboksi ipate moto wa kweli. Akifika tutatoka nje.

Nianze na aibu yangu. Nikiwa fundi mchanga, mwalimu mmoja aliniletea gari oto, linalojibadilishia gia lenyewe, lililokuwa likichelewa kubadilisha gia. Unakanyaga mafuta, injini inalia, gia haiingii mpaka uinue mguu. Sikumwuliza swali hata moja. Niliiangusha giaboksi, yaani niliitoa chini ya gari, nikamtuma anunue nyingine ya mtumba, nikaifunga kwa siku mbili. Gari likatoka na ugonjwa uleule. Kisa kilikuwa kebo nyembamba inayotoka kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) kwenda kwenye giaboksi. Mtu alifungua kabureta, na alipoirudisha akaikaza kebo kupita kiasi. Dawa yake ilikuwa spana moja na dakika kumi. Pesa za mwalimu nilimrudishia kidogo kidogo, na kila nilipomwona mjini nilivuka barabara.

Kwa hiyo leo sifundishi kufungua giaboksi. Nafundisha kuiacha ilipo mpaka ushahidi ukulazimishe.

Muulize mwenye gari kwanza. Linateleza likiwa baridi au likipata moto? Ukiweka D linaondoka mara moja, au linakaa sekunde mbili tatu kisha linapiga teke? Rivasi je? Lilivutwa kwa kamba hivi karibuni? Rejeta ilibadilishwa? Mteja akisema “giaboksi imekufa”, hiyo ni hukumu yake. Wewe unatafuta dalili.

Kisha oili. Hapa nitakaa kidogo, kwa maana wengi hupima vibaya. Kwa Toyota nyingi zenye dipstiki, kijiti cha kupimia oili, gari liwe limetembea, lisimame mahali tambarare, injini iendelee kuwaka. Kanyaga breki, pitisha kishikio cha gia kwenye nafasi zote taratibu, rudi P, ndipo uchomoe dipstiki na usome upande wa moto. Honda ni kinyume: unazima injini kwanza, halafu unapima ndani ya dakika moja hivi. Ukimpima Honda kama Toyota utasoma uongo. Magari ya karibuni mengi hayana dipstiki kabisa; yanapimwa kwa boliti iliyo chini ya sampu (bakuli la oili), oili ikiwa kwenye joto linalotajwa na mtengenezaji. Hapo usikisie.

Ipake kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu ni nzuri. Kahawia imechoka, lakini bado mnaweza kuzungumza. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inakwambia klachi za ndani zimeteketea. Ikiwa ya waridi kama maziwa yenye rangi, simamisha kila kitu: maji ya rejeta yameingia. Magari mengi hupoza oili ya giaboksi ndani ya rejeta, na bomba la humo likitoboka, viwili hivyo huchanganyika. Maji huzilegeza klachi kwenye gundi yake, kwa hiyo kubadilisha rejeta peke yake hakutoshi.

Na oili ikipungua, imeenda wapi? Giaboksi haichomi oili kama injini. Tafuta sili inayovuja.

Sasa kutetemeka. Mtu anakuja akisema, gari langu likifika mwendo wa 60 au 80 linatikisika kama nimepita kwenye matuta madogo. Nenda naye barabara ya Gilgil. Mtetemeko ukianza, shikilia mafuta palepale, kisha uguse breki kidogo tu kwa mguu wa kushoto, kiasi cha taa ya breki kuwaka. Swichi ya breki huiachilia klachi iliyo ndani ya toki konveta, kiungo kati ya injini na giaboksi. Mtetemeko ukikatika papo hapo, umempata mshukiwa, na mara nyingine oili mpya ya aina sahihi humtuliza. Usipokatika, angalia plagi na koili. Silinda moja ikikosa moto gari likipanda mlima hutikisika vivyo hivyo, na giaboksi hulaumiwa bure. Gari linalogonga ukiweka D au R, shika tochi uangalie maunti za injini (mipira inayoishikilia) kabla ya lolote.

Mashine ya kusomea kodi, namba za hitilafu za kompyuta ya gari (siyo kodi ya KRA, ya mapato), itumieni, ila msiiabudu. P0700 inasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina malalamiko. Endelea kutafuta kodi nyingine. P0730 inasema gia iliyoagizwa na mwendo uliopatikana havilingani. P0750 inaelekeza kwenye solenoidi (vali ya umeme) ya kwanza, lakini pima waya wake kwanza, maana panya wa Nakuru hula waya kuliko mahindi. Kwenye Toyota za zamani, taa ya O/D OFF (ya gia ya juu kuzimwa) ikipepesa bila kubonyezwa, nayo inakuita.

Najua kuna anayesubiri swali hili: gari la kilomita laki tatu, oili haijawahi kubadilishwa, nibadilishe? Wapo wanaoapa kwamba oili mpya huua giaboksi ya zamani. Maoni yangu ni kwamba nyingi kati ya hizo zilikuwa mahututi tayari, na oili mpya iliwakuta watu wakizichimbia kaburi. Kama haitelezi, fungua sampu, safisha sumaku, badilisha filta, jaza kiasi kilekile kilichotoka. Hapo unatoa nusu hivi, kwani nyingine hubaki ndani ya toki konveta. Rudia baada ya muda. Usiioshe kwa mashine ya presha. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyong'aa ndivyo vya kukunyima usingizi. Na usimwage oili yoyote nyekundu uliyoikuta dukani: T-IV na WS za Toyota, na ya CVT (oto ya mkanda, isiyo na gia za kawaida), si ndugu.

Likikufia Mau Summit, usilivute kwa kamba magurudumu yanayoendesha yakiwa chini. Injini imezimwa, pampu haizunguki, oili haifiki popote. Ita lori la kubeba. Kwa sababu hiyohiyo, magari haya ya oto hayasukumwi yakawaka. Na wewe unayeweka N ukiteremka Sachangwan eti unaokoa mafuta, huokoi kitu. Weka 2 au L, breki zako zipumue.

Nasikia honi langoni. Amefika, na asizime injini. Nani ana kitambaa cheupe?