Difu Iliyochomelewa na Shemeji Asiyekata Kona

REHEMA: Karibuni tena. Leo nina mambo matatu ya kujua kabla hujachomelea difu ya gari lako, nimeyaandika hapa. Ila Chande amekuja kashika shingo.

CHANDE: Shemeji huyo. Jumamosi kanipa lifti kwenye Suzuki Samurai yake, tunakwenda msibani Ngaramtoni. Si kachomelea difu ya nyuma? Kufika kipilefti cha Mnara wa Saa hapa Arusha, tairi zinalia mpaka wauza magazeti wanageuka. Gari linadunda, na yeye katulia tuli.

REHEMA: Kwa wageni: ndani ya difu kuna gia ndogo zinazoiachia tairi ya nje izunguke zaidi ya ya ndani ukikata kona. Fundi kazishikanisha kwa moto wa kuchomelea, kwa hiyo tairi za nyuma zinazunguka sawasawa, utake usitake.

CHANDE: Sasa anachagua njia kwa kona. Sokoni hapiti. Kwa mkwewe haendi.

REHEMA: Kwa mkwewe usisingizie difu!

CHANDE: Nimekaa nikapiga hesabu, dada. Tairi kwa tairi, Samurai ni kama mita 1.3. Zunguka kipilefti kizima, tairi ya nje inatembea mita 8 zaidi ya ya ndani. Kiwe kile cha Mnara wa Saa au kikubwa kama uwanja wa mpira, ni 8 zilezile.

REHEMA: Acha bwana. Kikubwa si tofauti inakuwa kubwa?

CHANDE: Toa duara la ndani kwenye la nje. Ukubwa wa kipilefti unajifuta, unabaki upana wa gari mara 2 mara pai.

REHEMA: Subiri... mara 6 na kitu... Ee, 8. Kumbe kidogo ndicho kibaya, unazimaliza zote mara moja.

CHANDE: Na zinaliwa na mpira wa tairi au zinaikunja shafti. Ndiyo maana anataka kwenda Ngaramtoni bila kipilefti hata kimoja.

REHEMA: Apitie wapi?

CHANDE: Shambani kwa watu!

REHEMA: Basi huko ndiko difu yake inakotakiwa. Nenda Simanjiro masika, tope jeusi. Difu ya kawaida, tairi moja ikiteleza, ile iliyoshika ardhi inapata nguvu kiduchu kama inayozunguka bure. Unalala hapo. Iliyochomelewa inatoka.

CHANDE: Loki ya upepo, ile inayofunga difu kwa swichi, inatoka pia, na ukifika lami unabonyeza inaachia.

REHEMA: Kwa hela ya nani? Mwenye Samurai?

CHANDE: Asiye na hela avae buti asukume. Lami ikilowa, tairi za nyuma zikikataa kupishana, mkia unaondoka. Nyuma kuna watoto.

REHEMA: Achomelee ya mbele, basi. Samurai ina habu, vile vitovu vya tairi za mbele, za kufungua kwa mkono. Kwenye lami unazifungua, difu ya mbele haina kazi.

CHANDE: Na porini akisahau kwamba usukani umekuwa mzito, akaulazimisha, anakata sivijointi, ile jointi inayozungusha tairi ya mbele hata ikikata kona.

REHEMA: Ikatike. Jointi anabadilisha, watoto wako salama. Si ndio ulikuwa unawalilia?

CHANDE: Usinizungushe. Nasema gari la barabarani lisichomelewe, mbele wala nyuma.

REHEMA: Na mimi nasema wewe hujalala Simanjiro.

CHANDE: Nimelala.

REHEMA: Ndani ya gari la kampuni, lenye loki! Haya, naoneshwa mkono, muda umekwisha. Yale matatu...

CHANDE: Soma moja.

REHEMA: Gia zile ni chuma kigumu, na pale palipochomelewa huweza kupasuka. Kipande kikidondokea kwenye krauni na pinioni, zile gia kuu za difu, umenunua difu nyingine. Kwa hiyo mwaga oili mapema, uangalie kama...

CHANDE: Unaona? Umesema mwenyewe inapasuka!

REHEMA: Nimesema mwaga oili! Wiki ijayo ni breki za ngoma.

CHANDE: Hapana, wiki ijayo tunamalizia hili.

REHEMA: Breki, Chande.